Salamu za Noeli kutoka makazi ya wazee

Ndugu, jamaa na marafiki, Tumsifu Yesu Kristo. Ninawatakia nyote Noeli yenye amani, mlioko nyumbani na mlioko ugenini, nikiwakumbuka pia jirani zangu Waislamu, ambao hula pilau letu siku hii kama sisi tunavyokula lao siku ya Idi.

Mwaka huu nilikwenda na binti yangu wa miaka saba kwenye makazi ya wazee, Jumamosi moja ya Majilio, yale majuma ya kuingojea Noeli, tukiwa na sukari, sabuni na doti ya khanga, kama wafanyavyo wageni wengi wa Desemba. Bibi tuliyeelekezwa kwake aliitikia shikamoo zetu, akaipokea khanga kwa mikono miwili na kuiweka kando, kisha akamwita mtoto akae naye kitandani, akamuuliza jina lake, jina la bibi yake mzaa baba, na kama anajua kusali. Chai ilipokuja alikula chapati moja, nyingine akaifunga kwenye pindo la khanga ile mpya. Nilidhani anajiwekea akiba ya usiku, kumbe ilikuwa ya mwenzake wa kitanda cha pili, aliyekuwa amelala. Sukari, nakiri, ilinitia aibu, kwa maana mhudumu alinieleza kwa upole kwamba wazee kadhaa wa chumba kile wana kisukari, na kwamba kinachopungua zaidi ni nepi za watu wazima na mafuta ya kujipaka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwafikiria wazee wawili wa Injili ya Luka, Simeoni na Ana binti Fanueli, yule mjane aliyetajwa pamoja na miaka themanini na minne. Mtoto Yesu alipopelekwa hekaluni, Simeoni ndiye aliyempokea mikononi mwake na kuwabariki wazazi, na Ana ndiye aliyekwenda kuwasimulia watu habari zake. Hawakuletewa zawadi wakapigwa picha wakaachwa. Walikabidhiwa mtoto, wakawa na neno la kusema. Sisi huwaendea wazee kama watu wa kupewa tu, na tunasahau kuwaomba baraka.

Mtakatifu Jeanne Jugan wa Ufaransa alilitambua hilo mapema. Mwaka 1839 alimpokea nyumbani kwake ajuza kipofu asiye na wa kumtunza, akampisha kitanda chake mwenyewe, na kutokana na tendo hilo likazaliwa shirika la Masista Wadogo wa Maskini, ambao hata Nairobi wana Nyumba ya Wazee. Papa Benedikto XVI alimtangaza mtakatifu mwaka 2009. Kinachonigusa mimi ni kile kitanda, kwa kuwa chakula tunaweza kukitoa tukabaki na kingine, lakini aliyetoa kitanda chake analala chini.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Msiende wote tarehe 25, siku ambayo magari hujaa uani na wazee huchoka kwa hotuba. Kipindi cha Noeli huendelea hadi sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, na ni katika siku hizo za Januari, wageni wanapokuwa wamekwisha kutawanyika, ndipo vyumba vile huwa kimya. Ulizeni kwanza kinachohitajika. Nyama iwe laini, maana meno ni machache. Nendeni na watoto, kaeni angalau saa nzima, na simu zibaki mfukoni.

Sisi tutarudi Jumamosi ya kwanza ya mwaka. Bibi alimwagiza binti yangu ajifunze Salamu Maria yote bila kurukaruka ili wakaisali pamoja, na tangu wiki iliyopita ninaisikia kila jioni kutoka jikoni, anapopanga vyombo, akikwama palepale kwenye “mzao wa tumbo lako” na kuanza upya.

Noeli njema, na heri ya Mwaka Mpya.