Nyota tano za kejeli

Mhariri,

Kuna kitabu cha kujiendeleza kinachomwagiza msomaji azisalimie soksi zake kila asubuhi, nacho kinavuma mitandaoni ajabu, watu wakikipa nyota tano kwa mzaha. Juzi nilimwona kijana akipiga picha ukurasa mmoja, akaituma, akakifunga kitabu. Ukurasa wa pili hakuusoma.

Kuchekea vitabu si kosa. Uingereza ina tuzo ya Diagram ya majina ya ajabu ya vitabu tangu 1978, na tangu 2000 mshindi hupigiwa kura na umma kwenye intaneti. Ila huko kila mtu anajua ni mzaha. Hizi nyota tano za kejeli (nami nilitoa, nakiri) kompyuta huzihesabu kama sifa, kisha aliyeelemewa na maisha anapendekezewa soksi.

Tuhakikieni vitabu hivi gazetini.

Msomaji wenu