Ushauri wa mfamasia kwa daktari uwe kamili

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ushauri ambao sisi wafamasia wa maduka ya dawa huwapelekea madaktari. Tunalalamika mara kwa mara kwamba haufuatwi, lakini ni nadra kujiuliza kama ulistahili kufuatwa.

Chukulia mzee mwenye maradhi ya moyo anayetumia enalaprili (dawa ya moyo na presha) na furosemidi (dawa ya kuongeza mkojo), akaletewa cheti kipya cha diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa ajili ya goti. Furosemidi humpunguzia maji mwilini, na zile mbili nyingine huzinyima figo uwezo wa kurekebisha mtiririko wa damu yake, hivyo zikikutana zote tatu figo zinaweza kuumia vibaya. Mfamasia akiandika tu kwamba "dawa hizi zinaingiliana, tafadhali angalia upya", hajamsaidia daktari hata kidogo. Angetaja hatari yenyewe, akapendekeza parasetamoli au diklofenaki ya kupaka badala ya vidonge, na kama mgonjwa ameshaanza kumeza, akaomba damu yake ipimwe mapema kreatinini na potasiamu, ambazo huonyesha kama figo zinaathirika. Ushauri wa namna hiyo daktari anaweza kuukubali au kuukataa papo hapo, akiwa na sababu.

Linalonisikitisha zaidi ni tahadhari za kompyuta kuhusu dawa zinazoingiliana, zinazopelekwa kwa daktari kama zilivyo, bila kuchujwa. Onyo kuhusu warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) iliyoandikwa pamoja na metronidazoli (dawa ya kuua vijidudu), mchanganyiko unaoweza kumfanya mgonjwa avuje damu, hufichika katikati ya mambo madogo yasiyo na madhara. Na methotreksati ya baridi yabisi, ambayo humezwa mara moja kwa wiki, ikiandikwa kila siku, hapo si suala la barua: dawa isitolewe mpaka daktari apigiwe simu.

Wala tusijipime kwa idadi ya mapendekezo yaliyokubaliwa, maana pendekezo jepesi hukubaliwa kwa urahisi na huenda lisimfae mgonjwa lolote.

Hata hivyo, mfamasia hawezi kushauri vyema juu ya asichokijua. Vyeti vingi hutufikia bila jina la ugonjwa wala majibu ya vipimo vya figo, ilhali dozi ya dawa ya kisukari iitwayo metformini, kwa mfano, hutegemea vipimo hivyo. Nawaomba madaktari waandike mambo hayo mawili kwenye cheti, na wanapokataa ushauri wetu watujibu kwa sentensi moja yenye sababu, ili mgonjwa huyo akirudi tusiwasumbue tena kwa jambo lilelile.

Wako mtiifu,
Mfamasia