Kitundu cha jani hakitii homoni moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wakulima wetu wamekuwa wakielezwa nusunusu, nalo ni kazi ya homoni katika kufungua na kufunga vitundu vya majani, ambavyo wanafunzi wa sekondari huvijua kwa jina la stomata. Hapa Dodoma nimewasikia wauzaji wa pembejeo wakimhakikishia mkulima kwamba busta, yaani dawa ya kunyunyizia mimea, yenye homoni ya ukuaji itayapa mahindi nguvu ya kustahimili jua kali. Maelezo hayo yanachukulia kwamba kila homoni ina kazi yake moja, na kwamba ukiiongeza, kazi hiyo nayo itaongezeka. Jani haliendeshwi hivyo.

Kila kitundu kimezungukwa na seli mbili, ambazo zikijaa maji hupinda na kuacha uwazi katikati, na zikipungukiwa hulegea na kuuziba. Asubuhi mwanga, hasa wa buluu, huzifanya seli hizo ziingize potasiamu, na maji huifuata. Hapo jani hupata hewa ya ukaa ya kutengenezea chakula, lakini kwa gharama kubwa, kwa kuwa zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayofyonzwa na mizizi huishia hewani kama mvuke, mengi yakipitia vitundu hivyo.

Udongo unapokauka, asidi ya absisiki huongezeka katika majani. Homoni hii ilitambuliwa katika miaka ya 1960, ila vipokezi vyake vikuu, yaani protini za seli zinazoipokea, vilikuja kujulikana mwaka 2009, na hapo ndipo ilipoonekana kwamba inafanya kazi kwa kuondoa kizuizi. Ndani ya seli zinazozunguka kitundu mna vimeng'enya ambavyo, maji yakiwa ya kutosha, huikandamiza ishara ya kufunga. Asidi ya absisiki ikishikamana na kipokezi chake, vimeng'enya hivyo hudhibitiwa, ishara huachiliwa, ioni, yaani chembe zenye chaji kama zile za potasiamu, hutoka nje ya seli na maji hutoka pamoja nazo. Ipo minyanya yenye kasoro ya kurithi isiyoweza kutengeneza asidi hii kwa kiwango cha kutosha, nayo hunyauka upesi hata udongo wake ukiwa na unyevu.

Hata hivyo, asidi hiyo haiamui peke yake. Homoni za ukuaji kama saitokinini, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka mizizini, na oksini pia, kwa kawaida huelekea kuviacha vitundu wazi, na zikizidi hupunguza nguvu ya asidi ya absisiki. Ethilini, homoni nyingine ya mimea, ni ya kustaajabisha zaidi: katika Arabidopsis, mmea mdogo unaotumiwa sana maabara, imeonekana ikifunga vitundu inapokuwa peke yake, lakini ikikutana na asidi ya absisiki huchelewesha ufungaji uleule. Hata vijidudu vya maradhi hutumia mvutano huu wa homoni, kwani bakteria aina ya Pseudomonas syringae hutengeneza koronatini, kemikali inayoiga homoni ya jasmoneti, ili kuvifungua tena vitundu ambavyo jani lilikuwa limevifunga kumzuia asiingie.

Ukame ukiingia, mara nyingi mmea wenyewe hupunguza saitokinini huku ukiongeza asidi ya absisiki. Mkulima anayenyunyizia busta ya saitokinini siku hizo anaweza kuwa anaupinga uamuzi ambao mmea umekwisha kuufanya ili kuokoa maji yake. Wala dawa ya kufunga vitundu isingekuwa suluhisho la moja kwa moja, maana jani lililofungwa halipati hewa ya ukaa, na mahindi yanayotoa mbelewele yakikosa chakula hupunguza punje.

Naziomba mamlaka zinazosajili pembejeo zihakikishe kwamba kila chupa ya busta inataja kwa Kiswahili homoni iliyomo, kiasi chake, na hali ya udongo ambayo haifai kuitumia, kisha maafisa ugani wapewe mafunzo ya kuyafafanua maandishi hayo shambani. Nasi walimu wa Biolojia tuache kuwakaririsha wanafunzi jedwali la homoni moja kwa kazi moja, kwa sababu wengi wa wanafunzi hao ndio watakaosimama kesho nyuma ya kaunta za maduka hayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Biolojia,
Dodoma