Kabla ya Jumamosi: WordPress kwenye kompyuta zenu

Wadau mambo, Jumamosi tunaanza kuweka WordPress (programu ya kutengenezea tovuti), na msinunue hostingi (nafasi ya tovuti kwenye seva ya mtandaoni) kwanza jamani, tunzeni hela zenu, tunajifunzia humohumo kwenye kompyuta ya mtu. Shusheni XAMPP (inaigeuza kompyuta yako kuwa seva ya kujifunzia) mapema maana ni faili kubwa linakula bando, halafu WordPress yenyewe ichukueni wordpress.org sio .com, hiyo ya .com wanakuwekea kila kitu tayari kwenye seva zao sasa utajifunza nini. Ukishawasha Apache (seva ya wavuti) na MySQL (seva ya databesi) ndani ya XAMPP, fungua zipu ya WordPress uweke folda lake ndani ya htdocs (folda la XAMPP la kuwekea tovuti), kisha ingia phpMyAdmin (ukurasa wa kusimamia databesi, unakuja na XAMPP) utengeneze databesi tupu, jina lolote ila ulikumbuke. Hapa ndo watu hukwama, wanasubiri WordPress iwatengenezee databesi, haifanyi hivyo, yenyewe inaingiza majedwali yake tu ndani ya databesi uliyoipa. Kisha fungua localhost/jina la folda lako kwenye brauza, na kwenye fomu ya WordPress inayouliza habari za databesi, jina la mtumiaji andika root, pasiwedi acha wazi (XAMPP ndo inavyokuja, ila kwenye seva ya mtandaoni usithubutu!). Apache ikigoma kuwaka mara nyingi kuna programu nyingine imekalia poti 80 (mlango ambao Apache huutumia), tuma picha ya skrini hapa tuangalie, sio voisi ya dakika tano tafadhali 😅