Nitafutie kifumbu

Bronx, New York, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, watoto wazima, baridi ndiyo imeanza kututafuna. Najua umeninunia. Miezi saba kimya, na sababu sina ila hizi zamu za usiku. Utanigombeza ukipiga simu.

Nina shida: nitafutie kifumbu. Cha ukindu, cha kuchujia tui, usiniletee chujio la plastiki. Si changu, ni cha Mwalimu, yule jirani yangu Mgarifuna, wale watu weusi wa pwani ya Karibi, wa Honduras, aliyenishinda kutwanga ndizi kwenye kinu. Amestaafu, lakini kila Jumamosi yuko chini ya kanisa na watoto tisa, anawafundisha Kigarifuna. Juzi kanionyesha ruguma: mfuko wa kusukwa, mrefu kama chatu. Unashindilia muhogo mchungu uliokunwa, unautundika, unauvuta kwa chini mpaka maji yenye sumu yachuruzike, ndipo upate unga wa mkate wao, ereba. Nikacheka: hiki si kifumbu chetu, kimerefuka tu! Basi tangu siku hiyo hanipi raha, anataka watoto waone vyote viwili.

Mama huyu, we acha. Wazee wao walifukuzwa na Waingereza kisiwani St. Vincent, wakamwagwa Roatán, kisiwa cha Honduras, mwaka 1797. Yeye kaja huku msichana. Klabu ya Happy Land ya hapa Bronx ilipoungua 1990, wakafa watu 87, Wagarifuna wengi, alizunguka nyumba za wafiwa akiwatafsiria makaratasi. Darasa lilianzia hapo. Ukutani kabandika picha ya Thomas Vincent Ramos, mwalimu mzaliwa wa Honduras aliyehamia Belize, akaanzisha sikukuu yao ya Novemba 19 mwaka 1941. Miaka miwili baadaye serikali ikaitambua huko kusini mwa Belize. "Mgeni yule," huniambia, "na sikukuu akaidai."

Halafu akaniuliza watoto wetu Waswahili wa hapa wanasomea wapi lugha yao. Shoga, nilisingizia nimeacha chungu motoni. Wangu nikimwita kwa Kiswahili ananijibu Kiingereza, nami namwitikia kwa hichohicho. Mwalimu ana watoto tisa tu, wakati mwingine wanne, na haachi!

Haya, kifumbu. Kiwe kipya, kisinuke nazi, nisije nikasumbuliwa uwanja wa ndege. Pangani bado wanasuka? Siku hizi bei gani? Shemeji anakuja lini, au kaahirisha tena? Mguu wa mama je? Na yule mtu wetu wa Chumbageni, kaoa kweli?

Wako,
Mama Salma