Alama za magari: tusikimbilie wastani

Habari zenu wanakikundi. Kwenye lile jedwali la maoni ya wateja, ambapo kila gari hupewa nyota 1 hadi 5 na tunataka kujua lipi ni bora, futeni kwanza maoni yaliyojirudia, kisha hesabuni kila gari lina maoni mangapi. Gari lenye maoni 3, yote nyota 5, litalipita lenye maoni 400 na wastani wa 4.3, na hapo ndipo wengi hupotoshwa. Dawa yake: kila gari liongezewe, kwa hesabu tu, maoni 20 yenye wastani wa magari yote, tuseme 3.9. La kwanza linashuka hadi 4.04, la pili linabaki 4.28.

Choreni pia mgawanyo wa nyota, yaani maoni mangapi yametoa nyota 1, mangapi 2, hadi 5. Wastani wa 3 huenda umetokana na nusu ya maoni kutoa nyota 1 na nusu nyingine kutoa nyota 5. Tenganisheni maoni kwa mwaka gari lilipotengenezwa, pengine giaboksi ya toleo moja ndiyo inayolalamikiwa.