Mwacheni Lucy, Mwenye Kesi ni Ricky na "Hapana" Yake

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Tanga, waja leo waondoka leo, ila mie nilikuja 1979 kutoka Muheza na baiskeli ya kuazima na mpaka leo sijaondoka. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, na ikiwa ndefu usiikate katikati maana utamu wake uko mwishoni.

Wiki mbili zilizopita mlitoa barua ya msomaji mmoja analalamika kwamba hivi vichekesho vya mke na mume kwenye TV vinaharibu ndoa, na mfano wake akaufuata mbali kweli, I Love Lucy, ile ya Wamarekani ya zamani isiyo na rangi, anasema yule mwanamke kila siku anamdanganya mumewe na kila siku anasamehewa, sasa wake zetu wanajifunza nini. Mie nilikuwa kijiweni, niliisoma kwa sauti kwa sababu hapa Ngamiani gazeti moja linasomwa na watu kumi na tano, na nusu ya kijiwe wakamuunga mkono, mmoja akasema hata maadili hakuna mle. Nikanywa kahawa yangu nikanyamaza. Nilipofika nyumbani nikamsomea mama watoto, yeye hakunyamaza, ndio maana naandika.

Kwanza niseme nimeijuaje. Mjukuu wangu alinipakulia vipindi kibao akanijazia kwenye flashi, tukachomeka kwenye TV, basi tukawa tunaangalia baada ya Isha mimi na bibi yake. Kiingereza changu ni cha kumwambia mzungu "chain finish", lakini Lucy huhitaji Kiingereza, sura yake peke yake inakwambia kila kitu, ukiona macho yametoka vile ujue kashaharibu jambo na mumewe yuko mlangoni.

Sasa huyu ndugu yetu kahesabu uongo wa Lucy, hapana za mumewe Ricky hajazihesabu. Aangalie tena. Ricky ana bendi, anaimba na kupiga ngoma kwenye klabu ya usiku New York, na Lucy naye anataka apande jukwaani, basi, hilo tu, na Ricky jibu lake ni lile lile, hapana, kaa nyumbani nikirudi nikute chakula. Uongo wote mle ndani unazaliwa hapo. Siku ya lile tangazo la dawa ya nguvu, Ricky anatafuta mwanamke wa kutangaza dawa kwenye TV, mkewe amekaa hapo hapo anaomba, hapana, basi mwanamke akazunguka akapenya mlango wa nyuma. Dawa yenyewe kumbe ina kilevi asilimia 23 na yeye kwenye mazoezi kila akirudia tangazo anapewa kijiko anywe, akirudia anakunywa, mpaka lile jina refu la dawa linamgeuka mdomoni, Vitameatavegamin, jaribu wewe mzima hujanywa kitu uone. Nimewaona wauza dawa wa kipaza sauti pale sokoni Mgandini miaka yote hii lakini sijaona hata mmoja anayeinywa yake mwenyewe namna ile. Mama watoto alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akasema, "Angemkubalia siku ya kwanza, kipindi kingeisha siku ya kwanza." Nikafikiri, kweli, vipindi 180, Oktoba 1951 mpaka Mei 1957, nusu yake ni kwa sababu ya mtu mmoja mgumu wa kusema haya njoo.

Kuhusu maadili ndio kabisa simwelewi. Wale waigizaji wa Lucy na Ricky walikuwa mke na mume wa kweli, Lucille Ball na Desi Arnaz, walioana 1940, na bado kwenye kipindi walilazwa vitanda viwili kama wodini. Lucille alipopata mimba kweli wakaamua na Lucy wa kwenye TV naye awe na mimba, kumbe lile neno lenyewe wakakatazwa kulitamka, wakatafuta la kuzunguka, ati "anatarajia", na maandishi yalikuwa yanapitiwa kwanza na padri, mchungaji na rabi. Watu watatu wa dini kwa mimba ya ndoa! Kipindi cha kujifungua kikaenda hewani tarehe 19 Januari 1953, siku hiyo hiyo mama mwenyewe kajifungua kwa upasuaji, na watu waliotazama walikadiriwa milioni 44, kesho yake Eisenhower anaapishwa urais waliomtazama hawakufika hata hapo. Sasa ndugu yangu ukisema hakuna maadili unataka maadili gani tena.

Lakini kilichonishika mimi hasa si hicho. Desi Arnaz ni mtu wa Cuba, wa Santiago, na wakubwa wa kituo cha CBS mwanzoni waligoma, wakasema watu wa Marekani hawatakubali mwanamke wa kwao mwenye mume anayeongea Kiingereza cha kupinda vile. Wakati ni mke wake kweli! Basi 1950 wakafunga safari wawili wao, mji kwa mji, wanachekesha jukwaani, kuonyesha kwamba watu watawapokea, na watu wakawapokea. Mie ni Mbondei, mwenzangu Mdigo, na wakati nachumbia kuna wazee wa pande zote walikaa kwenye mkeka wakasema haiwezekani, sijui chakula tofauti, sijui mila, ilibidi mjomba wangu aende Duga mara tatu. Na Ricky akikasirika Kiingereza kinamtoka, anashusha Kihispania mfululizo na hakuna anayekutafsiria, unasikia tu moto. Mama watoto akanigeukia, "Huyu si wewe huyu?" Maana mie nikikasirika ni Kibondei tupu, na yeye miaka yote hii anajifanya haelewi.

Halafu tukafika kwenye kile kipindi cha kubadilishana kazi. Hicho ni cha Septemba 1952. Wanabishana nani ana kazi rahisi, basi Ricky na jirani yake Fred wanabaki kupika, Lucy na Ethel, mke wa Fred, wanaenda kutafuta kibarua, wanakipata kiwanda cha chokoleti. Kazi ni kufunga chokoleti kwenye karatasi zikipita kwenye mkanda, msimamizi kawaambia ikipita hata moja haijafungwa hamna kazi. Mkanda ukaanza polepole, ukakaza, chokoleti zinakuja kama dagaa, wakaanza kuzila, kuzitia kwenye kofia, kuzitia kifuani, msimamizi anarudi anakuta mkanda msafi, anafurahi, anaagiza uongezwe mwendo. Na kule nyumbani wanaume wamepima wali ratili moja kwa kila mtu, watu wanne, karibu kilo mbili za mchele kwenye sufuria moja, wali ukafura ukamwagika ukatambaa jiko zima.

Hapo ndipo nilipozima TV, Mhariri. Mama watoto alikuwa ananiangalia.

Kwa sababu mwaka 1994, wakati hao Lucy siwajui hata kwa jina, mie na yeye tulifanya jambo hilo hilo. Mie ni fundi baiskeli, nina banda langu barabara ya jirani, na mji huu baiskeli ni miguu, kwa hiyo kazi ipo. Yeye alikuwa anachoma vitumbua alfajiri, watu wanakuja na sahani. Siku moja akaniambia anataka kufungua kigenge mbele ya banda langu, auze na chai, mie nikasema hapana. Kwa nini? Hapana tu. Unajua ilivyo. Nikaongeza na maneno ambayo bora ningemeza, nikasema wewe kazi yako ya kukaa kwenye kigoda na mwiko, mie nashinda juani nagonga rimu. Akasema haya, kesho kaa wewe kwenye kigoda.

Jioni akaniachia mchele umeshasagwa, tui, sukari, hiliki, akaniambia hamira kijiko kimoja cha chai. Mie nikawaza kijiko kimoja kwa beseni lote lile? Nikatia pakiti nzima ili viumuke mapema nipate kulala. Wallahi sikupata kulala. Saa nane usiku nikasikia kitu kinadondoka tap, tap, nikadhani mvua, kumbe beseni limefura, uji wa vitumbua umepanda ukapita ukingo ukashuka kwenye meza, ukaenda chini, paka wa jirani kanasa mguu anapiga kelele, na kila nikichota unarudi juu. Mle kwenye I Love Lucy kuna siku Lucy anaoka mkate kwa hamira ya kumwaga, mkate unatoka kwenye oveni mrefu kama boriti unamsukuma mpaka ukutani, watu wanadhani ni uongo wa TV. Si uongo. Vile nilivyovichoma vilikuwa vichungu na vimevimba upande mmoja, na asubuhi mteja wa kwanza mtoto wa madrasa akauma kimoja akanirudishia.

Yeye huko bandani naye yakamkuta. Nilimwachia kijana wangu wa kuziba pancha, yeye akae tu apokee hela, lakini hakukaa, akasema kwani pampu ina siri gani, akajaza tairi la mzee mmoja, akajaza, akajaza, ukasikia paa! Wanywa kahawa wote wakalala chini, kete za bao zikamwagika. Jioni akarudi, mie nasugua sakafu, tukatazamana tukacheka, kila mtu akarudi kwenye kazi yake na mambo yakaisha.

Kwa hiyo namwambia ndugu yangu mwenye barua, hivyo vichekesho haviharibu ndoa, vinaitazama ilivyo. Sisemi kila kitu mle kizuri. Kuna vipindi Ricky anamlaza mkewe kwenye magoti anamchapa kama mtoto na watu wanacheka, hapo sisi hatukucheka, mama watoto alisema hiyo ruka, tukaruka. Angelalamikia hilo ningeweka na mie sahihi.

Na wale wenyewe waliachana, 1960, baada ya miaka ishirini. Mjukuu alitwambia kwamba mzee alikuwa mlevi na mwenye mambo mengi ya nje. Bibi yake alikaa kimya muda, halafu akauliza sasa hivi vipindi vilibaki kwa nani. Swali zuri hilo, maana enzi hizo vipindi vingi vilirushwa moja kwa moja vikapotea hewani, hawa wakakubali kupunguziwa malipo ili watumie filamu hasa, kamera tatu kwa mpigo mbele ya watazamaji wanaocheka kwelikweli, na filamu zikabaki mali yao, baadae wakaziuza CBS kwa mamilioni. Yule wa Kiingereza cha kupinda ndiye aliyesimamia biashara yote hiyo. Ndio maana leo miaka sabini na zaidi mtu wa Ngamiani anaangalia kwa flashi.

Nimemsomea mama watoto barua hii kabla ya kutuma. Akasema kuna mahali nimeruka, niongeze. Nikamwambia hapana, itakuwa ndefu, gazeti lina nafasi ndogo. Natuma kesho asubuhi inshallah.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Fundi Baiskeli, Ngamiani, Tanga

Mhariri samahani, hapa ni mkewe, yeye kalala simu kaiacha mezani. Alichoruka ni hiki. Siku ile ya tairi sikukaa bure pale bandani, nilifungua daftari lake la madeni nikakuta nusu ya wanywa kahawa wale wamo, wengine mwaka mzima, nikawasomea majina yao mmoja mmoja pale pale kwenye benchi. Watu wanaona haya kwa mama wa vitumbua. Mpaka adhuhuri nilikuwa na sh. 12,400, yeye kwa wiki nzima hajawahi kuleta hizo. Ndio maana alicheka jioni ile, alicheka baada ya kuziona. Kigenge nilifungua Jumatatu yake, mbele ya banda, na tairi la mzee wa watu nililipa, ilobaki nikanunua chuma kipya cha vitumbua na doti ya kanga, na kanga bado ninayo. Kipande hiki usikikate.